Usianze na ule mchoro wa Dunia iliyokatwa

Hapana, usifanye hivyo. Umeuliza mambo matatu: kama kipindi cha kwanza kianze na mchoro wa Dunia iliyokatwa ili wanafunzi wako wa miaka 12 waupake rangi, ukusanye mawe gani, na alama uzitoe vipi. Nashika la kwanza, maana ndilo litakalokuvurugia muhula mzima.

Nami nilianza hivyohivyo. Ukoko, yaani ganda la nje, wa kahawia; mantili, tabaka nene lililo chini yake, nyekundu; kiini cha katikati, cha njano. Mwezeshaji mmoja wa semina ndiye aliyetushikilia kwamba mtoto akishaiona picha, maelezo yatafuata yenyewe. Kilichofuata ni darasa zima kuamini kwamba chini ya miguu yetu kuna bahari ya lava, na mabamba, yale mapande makubwa ya tabaka gumu la juu la Dunia, yanaelea juu yake kama mitumbwi.

Mantili ni mwamba mgumu! Inashuka hadi kina cha kilomita 2,900 hivi, na karibu yote ni mwamba. Kioevu ni kiini cha nje, kilicho chini ya hapo. Tena sehemu ya juu ya mantili imejaa madini ya olivini, ambayo ni ya kijani; volkano nyingine hutupa nje vipande vyake, navyo ni vya kijani. Waliochagua nyekundu vitabuni walitaka kuonyesha joto, wakasahau kwamba mtoto akiona nyekundu anaelewa uji wa moto. Hili linaniudhi mpaka leo. Mchora kitabu ana muda wa kufikiri, mwalimu ana kipindi kimoja.

Hasara yenyewe hutaiona siku hiyo. Inakuja kwenye volkano, unapouliza kwa nini zimejipanga kwenye mistari badala ya kutapakaa kila mahali. Wangu walikwama, na walikuwa na haki: kama moto uko chini ya kila mtu, mistari inatoka wapi? Ukifika kwenye matetemeko, mengine huanzia kina cha zaidi ya kilomita 600. Kioevu kitavunjikaje? Kila mada ikawa kubomoa picha ileile upya, na bado wengine waliiandika bahari ya lava kwenye mtihani wa mwisho. Sentensi mtoto huiachia. Picha aliyoipaka rangi kwa mkono wake haiachii.

Kwa hiyo shika hili moja: ushahidi kwanza, mchoro mwisho, na wauchore wenyewe.

Wape ramani tupu ya dunia na orodha ya matetemeko yenye latitudo, longitudo na kina. Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS, inaitoa bure mtandaoni. Kila kina kiwe na rangi yake. Mistari itajitokeza: ukingo wa Pasifiki, katikati ya Atlantiki. Waache wagundue kwamba Amerika Kusini matetemeko huzidi kina kadiri unavyotoka pwani ya magharibi kuingia bara. Hapo bamba linazama, nao wameliona kabla hujalitaja. Ndipo volkano zinaeleweka: bamba linalozama hutoa maji, maji yanashusha kiwango cha joto cha kuyeyuka kwa mwamba, na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inazaliwa pale, siyo kila mahali.

Kisha uliza tunajuaje yaliyo ndani. Shimo la Kola, lililochimbwa kwa utafiti kule Urusi, lilifika mita 12,262 mwaka 1989, na halikutoka hata kwenye ukoko. Jibu liko kwenye mawimbi ya tetemeko. Mawimbi ya S, aina mojawapo ya mawimbi hayo, hayapiti kwenye kioevu, lakini yanapita kwenye mantili na kukomea kwenye kiini cha nje. Inge Lehmann, mwanasayansi wa matetemeko kutoka Denmark, alitumia mawimbi mwaka 1936 kuonyesha kwamba ndani zaidi kuna kiini kingine, kiini cha ndani. Alikuwa na rekodi za matetemeko na karatasi. Watoto wako wanaweza kufuata hoja hiyo.

Watakuuliza mwamba mgumu unasogeaje. Wape mfano wa barafu ya milimani: ukiigonga inavunjika, lakini mwaka hadi mwaka inateremka bonde. Mantili ni taratibu zaidi, na mabamba husogea sentimita chache tu kwa mwaka.

Kama mtaala wako unataka tabaka za Dunia ziwe mada ya kwanza, usibishane nao. Panga vipindi ndani ya mada hiyohiyo: ramani, mawimbi, kisha mchoro. Na siku ya kuchora, ifiche kalamu nyekundu.