Maswali ya Wasomaji: Pistoni Kwanza, Kuchonga Baadaye

Shikamooni wataalamu. Nina Corolla yenye injini ya 4A-FE, inakula oili. Nimeamua kuifungua na hapohapo niiongezee nguvu. Fundi wangu anataka kupeleka bloku ikachongwe ovasaizi ya 50, yaani silinda zipanuliwe kwa 0.50 mm, pistoni nitafute baadaye. Anasema hiyo ovasaizi yenyewe inaongeza nguvu. Nichukue pistoni gani? (Msomaji, Igoma, Mwanza)

Marahaba. Kama bloku haijapanda kwenye mashine, mpigie leo asimamishe. Pistoni ndiyo inayoamua silinda ichongwe kiasi gani. Pistoni za viwanda viwili, zote zimeandikwa 0.50 kwenye boksi, zinaweza kupishana kwa 0.01 au 0.02 mm, na kila kiwanda kina nafasi yake kinachotaka ibaki kati ya sketi, yaani ubavu wa chini wa pistoni, na ukuta wa silinda. Ukichonga 81.50 kamili kwa kukisia, pistoni hii itabana, ile italegea. Na chuma kikishaondoka hakirudi, labda uvishe slivu, yaani ukuta mpya wa silinda.

Hilo la nguvu halina ukweli. 4A-FE ina kipenyo cha 81.0 mm na pistoni inatembea 77.0 mm, jumla cc 1587. Ukichonga hadi 81.5 unapata cc 1607. Hizo cc 20 ni kama asilimia 1.2, hutazisikia mguuni. Ovasaizi ni tiba ya silinda iliyolika, basi.

Kwanza hakikisha imelika kweli. Silinda hizi zikiwa mpya zinakuwa kati ya 81.00 na 81.03, na daraja lake, 1, 2 au 3, limegongwa kwenye bloku. Kikomo cha kulika ni 81.23. Pima juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili: kufuata urefu wa injini, kisha kuukata. Ulaji mkubwa utaukuta juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Ukipitisha ukucha utausikia kama ngazi ndogo. Ukikuta silinda zote zimenyooka na moshi wa bluu unatoka asubuhi tu gari inapowashwa, tazama sili za valvu kabla hujanunua chochote.

Sasa nguvu. Kwa injini isiyo na turbo, pistoni inaongeza nguvu kwa kupandisha kompresheni, yaani kubana zaidi hewa na mafuta. Yako ina uwiano wa 9.5 kwa 1. Silinda ya 81.5 ina cc 401.7. Ukitaka 10.5, nafasi yote inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa iwe 401.7 gawa kwa 9.5 (10.5 toa 1), yaani cc 42.3. Ya kiwandani ni cc 46.7. Kwa hiyo unatafuta pistoni ambayo uso wake wa juu umejaa kwa cc 4.4 kuliko ya zamani. Lakini hedi ikiwa iliwahi kupigwa plena, yaani kukwanguliwa uso, hesabu imeshabadilika, kwa hiyo ipime mwenyewe: laza hedi chali, vyumba vyake vikitazama juu, funga valvu na plagi, funika chumba kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu, paka grisi pembeni, kisha jaza kwa bomba la sindano la duka la dawa ukihesabu cc mpaka povu la mwisho litoke.

Kabla ya kulipa, muuzaji akupe vipimo vitatu: kipenyo cha pini inayoishika pistoni kwenye konrodi, urefu kutoka katikati ya pini hadi uso wa juu, na ujazo wa uso huo. Urefu ukizidi hata milimita moja, pistoni inaweza kugonga hedi. Pini nayo ina jambo lake. Pistoni nyingi za kuongeza nguvu zina pini inayoelea, inayozuiwa na vikufuli vya waya pande zote mbili. Kama konrodi zako zinashika pini kwa kubana, lazima zitiwe bushi ya shaba kwenye jicho dogo.

Mwisho wa yote funga silinda moja kwa majaribio. Bandika plastisini, ile ya watoto wa shule, juu ya pistoni, weka hedi na gasketi iliyokwisha kutumika, funga taiming, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Fungua, kata plastisini kwa wembe, pima unene pale palipokuwa pembamba. Upande wa valvu za kuingiza usipungue 2.0 mm, wa kutoa moshi 2.5 mm.

Habari za kazi. Forester yangu ya turbo, injini ya EJ20, imevunjika pistoni ya silinda ya nne, ukingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili. Nataka foji, yaani pistoni za kufuliwa badala ya kumiminwa. Wengine wananiambia 2618, wengine 4032. Gari natumia kila siku, Nyegezi hadi mjini, na Shinyanga mara mojamoja. (Msomaji, Nyegezi)

Chukua 4032, na hapa hatusitisiti. Zote mbili ni aloi za alumini. 4032 ina silikoni kama asilimia 12, 2618 karibu haina. Silikoni inazuia chuma kutanuka, kwa hiyo 4032 inakubali kukaa karibu na ukuta: kwa silinda ya 92 mm, mara nyingi 0.06 hadi 0.08 mm. 2618 ni ngumu kupasuka na inavumilia kipigo, ndiyo maana gari za mashindano zinaipenda, lakini inataka 0.09 hadi 0.11. Asubuhi ikiwa baridi utaisikia inagongagonga mpaka ipate moto, na kwa safari fupifupi za Nyegezi na mjini nusu ya maisha yake itakuwa baridi. Inakula sketi na oili. Hizo namba ni za kukupa picha tu. Karatasi iliyomo kwenye boksi ndiyo ya kufuatwa, pamoja na mahali inaposema upime. Pistoni si duara na haijanyooka, ukipima juu ya sketi na chini yake utapata majibu mawili.

Ila pistoni mpya haitakusaidia kama hujui ya zamani ilikufa kwa nini. Ukingo ule huvunjwa na injini kugonga: mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, shinikizo linapiga juu ya ringi. Angalia pampu ya mafuta, nozeli ya silinda hiyo, na kama kuna mtu aliongeza presha ya turbo bila kugusa programu ya kompyuta. Foji itachelewesha kuvunjika, kisha beringi za krenki zitaanza kulipa deni.

Sababu ya pili ni mwanya wa ringi kuwa mdogo. Ringi ikipata moto inatanuka, ncha zikikutana inabana ukuta na kung'oa ukingo. Kwa turbo ya barabarani zidisha kipenyo kwa 0.0055: silinda ya 92.5 inataka karibu 0.51 mm ringi ya kwanza, ya pili iwe wazi kidogo zaidi, tuseme 0.55. Ingiza ringi peke yake kwenye silinda, isukume kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, pima kwa fila geji. Piga tupa ncha moja tu, kutoka uso wa nje kuingia ndani, kidogokidogo. Na kila ringi ibaki na silinda yake. Fungia kamba yenye namba, maana zikichanganyika unaanza upya.

Nitajuaje kama pistoni niliyouziwa ni foji kweli? (Msomaji, Musoma)

Igeuze. Ya kumiminwa kwenye kalibu mara nyingi ina mstari wa maungio, na chini ya uso wake pana kona nyingi na ngozi ya chengachenga. Ya foji ndani ni laini, nene, ina alama za kisu cha mashine. Isiyo na karatasi ya vipimo usiinunue hata kama ni foji.

Pistoni zangu nne mpya zimepishana uzito. Nizirudishe? (Msomaji, Geita)

Zimepishana kwa kiasi gani, na umepima kwa mizani gani? Mizani ya duka la sukari haifai. Huko Geita una bahati: mnunuzi yeyote wa dhahabu ana mizani inayosoma sehemu ya gramu. Pima kila pistoni pamoja na pini, vikufuli na ringi zake. Tofauti ya gramu 1 iache. Ikifika 2 au 3, jaribu kwanza kubadilishana pini. Mara nyingi pini nzito kwenye pistoni nyepesi inamaliza kazi. Ikibaki, fundi wa leizi apunguze ndani ya pini au chini ya vishikio vyake, kamwe si kwenye uso wa juu wala sketi. Zaidi ya gramu 5, rudisha.

Nimemaliza kufunga, kilomita 900 sasa. Kitabu kinasema kompresheni iwe psi 190, napata 165, 166, 168 na 165. Fundi aliniibia? (Msomaji, Kirumba)

La hasha. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina shinikizo pungufu kwa asilimia 12 au 13. Injini inabana hewa inayoipata. 190 ya kitabu hapa inasomeka karibu 166, na zako zimefuatana vizuri. Ungetushtua kama moja ingekuwa 140.

Kama ulipandisha kompresheni na taiming ukaipangia hapa, ukishuka Dar es Salaam hewa inajaa zaidi na joto lipo. Rudisha taiming nyuma digrii 2 kabla ya safari, na ukisikia kokoto zinalia ndani ya injini mlimani, legeza mguu.