Mkono Ukianza Kulalamika: Ushauri kwa Vijana Wanaojifunza Kinanda

Vijana wanaoanza kujifunza kinanda huku kwetu Iringa huniuliza mapema sana wafanye mazoezi saa ngapi kwa siku ili wafike mbali. Badala ya kuwatajia saa, huwasimulia maisha ya Leon Fleisher, mpiga piano aliyezaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1928, kwa sababu sijaona maisha mengine yanayolijibu swali hilo vizuri zaidi.

Fleisher alianza kufundishwa na mpiga piano maarufu Artur Schnabel akiwa na umri wa miaka 9, na mwaka 1944, akiwa na miaka 16 tu, alipiga na okestra ya New York Philharmonic. Mwaka 1952 alishinda shindano la piano la Malkia Elisabeth mjini Brussels, kisha akarekodi koncheto (kazi ambazo mpiga ala mmoja hupiga pamoja na okestra) za Beethoven na Brahms pamoja na okestra ya Cleveland. Miaka ya 1960, akiwa kwenye kilele cha kazi yake, kidole cha pete na kidole kidogo cha mkono wa kulia vikaanza kujikunja kuelekea kiganjani bila yeye kutaka. Ugonjwa huo huitwa distonia: kidole chenyewe hakina jeraha, bali amri za ubongo kwa misuli huvurugika, na kurudia mwendo uleule kwa muda mrefu ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa nao. Dalili zilipoanza, Fleisher aliongeza mazoezi badala ya kupunguza.

Ndiyo maana mwanafunzi anapopiga, mimi hutazama vidole vyake viwili vya mwisho kabla ya kusikiliza kama amekosea nota. Kidole kidogo kikikakamaa hewani wakati vingine vinafanya kazi, au kifundo cha mkono kikilala chini ya ukingo wa kinanda, namsimamisha papo hapo, hata kama wimbo unakwenda vizuri. Maumivu yakifika kwenye kigasha, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha. Mwezi wa sita na wa saba, baridi yetu inapokolea, vidole huamka vigumu. Loweka mikono katika maji ya uvuguvugu, uanze na skeli (ngazi za nota) za polepole, wala usirukie wimbo wa kasi kwa sababu ibada imekaribia. (Nanyi wazazi, mtoto akisema mkono unamuuma, tafadhali msimchukulie kuwa anakwepa mazoezi.)

Umeme ukikatika na kinanda kikanyamaza, chukua karatasi ya nota, uimbe sauti ya kwanza kwa solfa (do, re, mi), halafu besi, mpaka wimbo wote uusikie kichwani. Fleisher, aliyefundisha kwa miongo mingi katika chuo cha muziki cha Peabody, Baltimore, aliwasisitizia wanafunzi wake jambo hilohilo: sikio litangulie kidole.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba mkono ulipogoma hakuuacha muziki. Alipiga kazi zilizotungwa kwa mkono wa kushoto pekee, ikiwemo koncheto ambayo mtunzi Mfaransa Ravel alimtungia Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Austria aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Akaongoza okestra, akaendelea kufundisha. Miaka ya 1990 sindano za Botox, dawa ya kulegeza misuli, na kukandwa misuli vilimrudishia sehemu ya uwezo wake, na mwaka 2004 akatoa albamu aliyoipiga kwa mikono miwili.

Kwa hiyo kijana aliyeambiwa na daktari apumzishe mkono simruhusu abaki nyumbani. Huja kwenye mazoezi ya kwaya, akasahihisha sauti ya tatu au akapiga besi kwa mkono ulio mzima. Binti mmoja wa Kihesa alipiga besi pekee Kwaresima nzima, na waimbaji wa sauti ya nne, yaani besi, ndio waliokuwa wa kwanza kuniambia kwamba sasa wanamfuata bila wasiwasi kuliko alipokuwa akipiga kwa mikono yote miwili.