Maswali ya injini ya rota: silensa isiyotulia na vyuma unavyotaka kung'oa

Nina Mazda RX-8 hapa Nairobi, yenye injini ya rota, yaani rota za pembe tatu zinazozunguka badala ya pistoni. Silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, gari linatetemeka kwenye foleni. Fundi kapima kompresheni (nguvu ya injini kugandamiza hewa), anasema injini imekufa ninunue nyingine. Nimwamini?

Usitoe hata shilingi kwanza, ndugu. Muulize alipima kwa geji gani. Rota ina pande tatu, kila upande na kompresheni yake. Geji ya injini za pistoni hushika namba ya upande ulio bora na kuuficha ule mbovu. Anayezijua rota atakuonyesha namba sita, tatu kwa kila moja ya rota zako mbili, zilizokokotolewa kwa kasi ya stata ya mizunguko 250 kwa dakika. Injini nzuri hutoa kama bar 8.3, ikishuka chini ya 6.8 huhesabiwa imechoka.

Na hapo ndipo watu wa Nairobi wanapoonewa, maana namba hizo ni za usawa wa bahari. Wewe uko karibu mita 1,700 juu, presha ya hewa iko chini kwa takriban asilimia 18. Injini inayosoma 8.3 Mombasa itasoma kama 6.8 kwako, na haina kosa lolote. Angalia zaidi tofauti: pande za rota moja zikiachana zaidi ya bar 1.5, hapo kweli kuna sili iliyokwisha, yaani kizibo cha rota kinachozuia hewa kuvuja.

Ila mimi ningeanza na koili. Ziko nne, huchoka mapema, nami huzibadili zote pamoja na plagi. Koili mbovu hupeleka petroli isiyoungua kwenye masega ya egzosi (kichujio kinachosafisha moshi). Yakiyeyuka na kuziba, joto linarudi kuua injini iliyokuwa nzima.

Niko California na RX-7 ya 1989 isiyo na turbo. Nataka kung'oa pampu ya hewa inayosaidia kusafisha moshi, vali zake na EGR (vali inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini). Nadhani ndizo zinazoharibu silensa.

Sheria ya Marekani inakataza kuondoa vifaa vya kudhibiti moshi kwenye gari la barabarani, na California hukagua magari ya petroli ya 1976 kuja juu. Utafeli kwa kutazamwa tu.

Halafu pampu hiyo ina kazi ya pili. Kwenye matoleo ya 1989 hadi 1991 yasiyo na turbo, presha yake ndiyo inayofungua milango ya ziada ya kuingizia hewa mshale wa mizunguko ukipanda. Watu huing'oa, gari likikosa pumzi huko juu wakalaumu nozo zinazomwaga petroli.

Kila ulichong'oa pia huacha tundu. Utaliziba kwa kifuniko cha mpira, kitaiva kwa joto, kitapasuka, na hewa ya wizi itaingia. Silensa itakuwa mbaya kuliko ulivyoikuta.

Ukweli ni kwamba RX-7 huyumba kidogo kwa maumbile yake: tundu la egzosi hufunguka sambamba na la kuingizia, moshi uliobaki unachafua hewa mpya. RX-8 ilirekebishwa hapo. Kuyumba kukizidi, kagua EGR isiwe imekwama wazi, safisha vali ya hewa ya silensa, pima sensa ya throto, kisha mipira ya vakyumu mmoja mmoja. Mingi ina umri wa gari lenyewe.

Injini yangu ya rota inakula oili. Nifungue?

Usifungue. Imeundwa hivyo: pampu ndogo hudondosha oili ndani kulainisha sili za ncha za rota. Pima kila unapojaza tangi. Mimi huingiwa na hofu ikiacha kula.

Nilisogeza RX-8 mita chache, nikazima. Sasa haiwaki.

Imelewa petroli. Kanyaga mafuta mpaka sakafuni, mguu usiuondoe, piga stata sekunde kama kumi, pumzisha, rudia. Pedali ikiwa chini kabisa nozo hazimwagi. Betri iwe na nguvu. Siku nyingine ukiiwasha baridi, iache ipate moto kabla ya kuizima, hata kama jirani anapiga honi umpishe.