Jokofu la zahanati nalo ni mtaji wa taifa

Ndugu uliyeuliza kwa nini serikali iendelee kutumia fedha nyingi katika zahanati ambazo hazirudishi faida, naomba nikujibu kwa mfano wa chanjo. Chanjo nyingi za watoto sharti zitunzwe katika nyuzijoto 2 hadi 8, tangu zinaposhushwa uwanja wa ndege hadi mtoto anapochomwa sindano kijijini. Kwa hiyo muuguzi anayekagua jokofu asubuhi na jioni, akiandika kipimo cha joto katika karatasi iliyobandikwa mlangoni, anategemea umeme au gesi isiyokatika, barabara inayopitika wakati wa masika, mshahara unaofika kwa wakati na daftari linaloonyesha ni mtoto gani hajarudi kwa dozi ya pili. Kimoja kikilegea, hasara haionekani siku hiyo. Huonekana miaka kadhaa baadaye, surua inapoingia darasani. Ndiyo maana huniuma sana kusikia zahanati ikiitwa mzigo wa bajeti.

Faida nayo huja polepole. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, mwaka 1977, baada ya wahudumu kupita nyumba kwa nyumba kwa miaka mingi, wakitafuta wagonjwa na kuwachanja waliowazunguka. Leo hakuna mzazi anayebeba mtoto kwenda kliniki kwa chanjo ya ndui.