Tazama Tundu Kabla ya Ua: Kuchagua Mimea ya Masinki na Vyoo Vilivyong'olewa

Nyumba inapokarabatiwa hapa Mwanza, mabomba na koki za zamani huchukuliwa upesi na wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini choo cha kauri na sinki la kunawia havina mnunuzi. Huachwa nyuma ya nyumba, hutupwa korongoni, au hulala kati ya mawe hadi mtoto ajikate. Kwa sisi tunaoishi vilimani, Isamilo, Bugando au Mabatini, ambako nyumba zimejengwa juu ya mawe ya matale na udongo wa kupandia ni wa kuokoteza, chombo chochote chenye uwezo wa kubeba ndoo mbili za udongo ni bustani. Nimekuwa nikipanda katika vyombo vya namna hii kwa miaka kadhaa, na swali ninaloulizwa zaidi na majirani na wageni ni lile lile: nipande nini?

Jibu langu huwaudhi kidogo, kwa sababu huwa siwatajii ua. Huwauliza kwanza maji yatatokea wapi. Chungu cha mfinyanzi hupumua. Maji hupenya ukutani mwake na kukauka taratibu hata kama umemwagilia kupita kiasi. Kauri ya chooni imechomwa na kung'arishwa tanurini kwa makusudi ya kutonyonya chochote, kwa hiyo maji uliyoyamimina yana njia tatu tu za kuondoka: kupitia tundu la chini, kupitia majani ya mmea, na kwa kukauka juu ya udongo. Udongo ukijaa maji kwa muda mrefu, mizizi hukosa hewa na kuoza, na mmea hunyauka huku umelowa, jambo linalomfanya mwenye bustani aongeze maji zaidi. Ndiyo maana nasema tundu ndilo linalochagua mmea, na mimi na wewe tunachagua miongoni mwa ile ambayo tundu limeikubali.

Choo cha kukaa ndicho kinachowachanganya wengi, maana kina tundu kubwa linaloonekana kutosha. Ukweli ni kwamba nyuma ya tundu hilo kuna mpindo uliotengenezwa ili maji yatuame daima na kuzuia harufu ya shimo isipande ndani. Mpindo huo hauachi kazi yake kwa sababu choo kimehamia bustanini. Mimina ndoo ya maji katika choo kilichosimama wima na utaona: maji ya juu yatapita, lakini yale ya chini yatabaki, na udongo utakaouweka utakaa ndani ya dimbwi hilo siku zote. Unaweza kuukubali mpindo au kuutoboa. Kisichowezekana ni kuupuuza na kupanda mshubiri juu yake.

Anayetaka kutoboa atafute biti ya almasi au ya kutobolea vigae, na keekee iwekwe katika mzunguko wa kawaida, si ule wa kugongagonga unaotumika kwenye zege. Keekee ya betri ni salama zaidi kwa kuwa kazi hii haifanyiki bila maji. Bandika utepe wa gundi sehemu ya chini kabisa ya mpindo, pale maji yanapotuama, ili biti isiteleze. Anza kwa kuilaza kidogo hadi iume, kisha inyanyue polepole mpaka isimame wima, huku mtu wa pili akidondosha maji pale pale. Unga mweupe wa kauri utatiririka pamoja na maji hayo. Sauti ya biti hubadilika inapokaribia kutokea upande wa pili, na hapo ndipo mkono unapaswa kulegea, kwa maana ufa mwingi hutokea katika milimita za mwisho kwa sababu ya kusukuma.

Mimi hupendelea kuukubali mpindo. Choo kisichotobolewa ni kinamasi kidogo, na sisi watu wa ziwani hatuna haja ya kufundishwa mimea ipendayo kinamasi. Kana zenye maua mekundu au ya manjano hustawi humo penye jua kali, na majani yake mapana huficha ukingo wa choo kiasi kwamba mpita njia huliona ua kwanza. Magimbi ya mapambo hufaa penye kivuli cha mwembe au ukuta. Mafunjo nayo hukubali, ila yale ya kwenye ghuba zetu yanaweza kupita mita nne, na upepo unaovuma kutoka ziwani alasiri utayalaza. Tafuta jamaa yake mfupi, lile nyasi-funjo la bustani ambalo majani yake hutandaa kileleni kama mwavuli. Mnanaa hupenda unyevu pia, na kwa kuwa hutambaa na kuvamia kila upande ukiuachia ardhi, kuta za kauri ni gereza linalomfaa.

Mche ununue kwa wauza miche wa kando ya barabara, au uombe chipukizi kwa jirani. Usiufuate ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaulinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mafunjo ya ukingoni huchuja tope na taka kabla havijaingia majini. Hata asiyejali sheria afikirie kichocho: konokono wanaobeba vimelea vyake huishi katika maji ya kina kifupi yenye majani, yaani pale pale unapotaka kuingia na panga lako. Kuhusu magugu maji sina mjadala. Ua lake la zambarau ni zuri, na nimeona watu wakilielesha katika masinki yaliyozibwa, lakini mmea huo uliotoka Amerika ya Kusini umewatesa wavuvi na vyombo vya usafiri tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mvua moja kubwa inatosha kuupeleka mtaroni, na mtaro wetu huishia ziwani.

Kinamasi chochote cha nyumbani kina swali la mbu. Katika joto letu, yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili kwa wiki moja hadi mbili, kwa hiyo maji ya wazi hayaruhusiwi hata kidogo. Jaza udongo hadi upite usawa wa maji yanayotuama, kisha tandaza mchanga mnene au kokoto ndogo juu yake. Unyevu ubaki chini ya mchanga, na juu pawe pakavu. Ukiweza kuona taswira ya mbingu ndani ya choo chako, ongeza udongo.

Sinki la kunawia ni kinyume cha haya yote. Likishang'olewa koki na kichujio chake, hubaki na tundu pana la chini lisilo na kizuizi, na kina chake mara nyingi hakizidi sentimita 15. Maji hupita upesi, jua huupasha moto udongo mwembamba, na mwezi wa saba, wakati vuli bado iko mbali na masika yameshasahaulika, sinki lililo juu ya jiwe hukauka kabla ya adhuhuri. Hapa ndipo mahali pa mshubiri, kalanchoe, na yale maua madogo ya kutambaa yenye majani manene ambayo hufunguka jua likipanda na kujifunga jioni. Waridi la jangwani, ambalo asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, hupendeza kupita yote, kwa kuwa shina lake nene hujitokeza juu ya ukingo wa sinki na mizizi yake haihitaji kina kirefu. Vitunguu vya majani navyo hukubali, mradi sinki liwe karibu na jiko na maji ya kuoshea mchele yalifikie kila siku.

Wengi hutandaza kokoto chini ya sinki wakiamini zinasaidia maji kutoka. Hazisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kuingia katika mapengo makubwa ya kokoto. Husimama juu yake hadi udongo ulowe kabisa, kwa hiyo ulichofanya ni kulipandisha tope na kuipunguzia mizizi nafasi, tena katika chombo ambacho tayari hakina kina. Funika tundu kwa kipande cha wavu wa dirishani ili udongo usimwagike, kisha jaza udongo ule ule kuanzia chini hadi juu. Lile tundu dogo la ubavuni, linalozuia sinki kufurika, nalo lizibwe kwa wavu, maana sisimizi hulipenda.

Sinki la choo cha kuchuchumaa halina kina cha maana nalo lipewe mimea ile ile ya ukame, ukihakikisha kwanza kwamba halina mpindo wake. Tangi la kuflashi ni jembamba na refu, lina tundu zuri chini, nalo hufaa mimea inayosimama kama mchaichai au sansevieria. Mguu wa sinki una uwazi nyuma. Uegemeze kwenye jiwe, uujaze udongo, na uuache mmea wa kuning'inia ushuke mbele.

Udongo wenyewe hauhitaji kununuliwa kwenye mifuko. Wasukuma wana majina ya udongo wao, nayo husaidia kuliko kipimo chochote nilichowahi kukitumia. Luseni, ule mchanga wa miteremko ya matale, ni mwepesi na hupitisha maji. Ule mweusi wa mbuga hushika maji, huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kwa sinki la mimea ya ukame nachanganya mafungu matatu ya luseni na fungu moja la samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Kwa choo chenye kinamasi naongeza udongo wa mbuga, lakini haupewi nafasi ya kutawala, kwa sababu peke yake hugeuka tofali kiangazi. Kwa mboga naongeza makapi ya mpunga yaliyochomwa hadi kuwa meusi bila kuwa majivu. Mashine za kukoboa hapa Usukuma huwa na vilima vyake, na mara nyingi hupewi bei. Matumbo ya samaki usiyaweke, hata kama bibi yako aliyazika shambani. Chombo hiki ni kidogo, na paka watachimbua kila kitu usiku wa kwanza.

Aliyebahatika kupata beseni la kuogea, lile la kulalia, amepata shamba. Lina kina kinachokaribia sentimita 40, na hapo sukuma wiki, mchicha, bilinganya, ngogwe na hata nyanya hujisikia nyumbani. Mabeseni ya chuma ya zamani, yaliyopakwa rangi nyeupe ya kung'aa, yanastahili tahadhari moja: rangi hizo za zamani zinaweza kuwa na risasi, na pale zilipochubuka na kulika, risasi hiyo inaweza kuingia katika udongo. La namna hiyo lipewe maua. Mboga ziende katika beseni la plastiki ngumu lililo zima. Chagua pia mahali kabla ya kujaza, kwa sababu beseni lenye lita 180 za udongo uliolowa linaweza kupita kilo 250 na halitahama tena. Uweke upande usio na tundu juu ya matofali ili maji yateremkie kunakotakiwa, na usithubutu kuliweka kwenye baraza ambalo hujui nondo zake.

Choo kilichosafishwa kwa klorini, kikasuuzwa mara kadhaa na kuanikwa juani, hakina najisi inayoweza kumdhuru mlaji. Hata hivyo sipandi mboga ndani yake, nami nashauri usipande. Mgeni anayejua mchicha ulikotoka hataula, na utakuwa umempika kwa hasara. Kicheko cha majirani ni suala jingine, na kinapungua kadiri mmea unavyofaa umbo: ua moja dogo lililosimama katikati ya choo ni kichekesho, ilhali kana zilizojaa hadi ukingoni, au mmea wa kutambaa unaomwagika pande zote, hukifanya choo kionekane kimekusudiwa kuwa hapo.

Kabla ya kuamua, angalia ni nani anayepita uani kwako. Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu, uliowahi kupakwa mishale ya kuwindia. Magimbi mabichi huwasha kinywa na koo. Na mbuzi wa jirani hasomi kibao, wala mtoto wa miaka miwili. Mimea hiyo iwekwe katika sinki lililo juu ya jiwe refu au ndani ya uzio, na chini kwenye njia ya watoto iwepo mchaichai, mnanaa na mrehani. Miche ya kinamasi ihamishwe mwanzoni mwa masika, mwezi wa tatu. Ile ya ukame isubiri mvua zikatike mwezi wa sita, ili mizizi yake ishike bila kuloweshwa kila jioni.