Nyota na kisalaba: maswali yenu kuhusu kuandika ugonjwa wa msuli wa moyo

Wiki hii maswali yamekuja toka Kasulu, Urambo, Ujiji na hapa hapa Tabora mjini, na karibu yote yanazunguka kitu kimoja: moyo ukiharibika kwa sababu ya ugonjwa mwingine, unaandikwaje kwenye faili na unapewa namba gani ya ICD-10, kile kitabu cha kimataifa cha namba za magonjwa. La kwanza nitalijibu kwa kirefu maana ndo linatusumbua wengi.

Swali (mtunza kumbukumbu, Kasulu): Shikamoo kaka. Daktari kaandika "thairoidi imezidi, kadiomayopathia", yaani tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, na ugonjwa wa msuli wa moyo. Nikaingiza I43.8 peke yake, mfumo ukapokea, ila msimamizi kanirudishia. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hiyo I43, namba ya kadiomayopathia iliyoletwa na ugonjwa mwingine, yote ni ya nyota, fungua kitabu utaiona alama * pembeni ya namba, maana yake haikai peke yake, lazima itanguliwe na namba ya ugonjwa wenyewe ulioupiga moyo, ile yenye kisalaba †. Kwa huyo wako unaanza na E05, kama aina ya thairoidi haijaelezwa basi E05.9, halafu ndo I43.8. Na wengine ni hivo hivo, dondakoo iliyoingia kwenye moyo ni A36.8 kisha I43.0, amiloidosisi (protini mbovu kujikusanya mwilini) ni E85 kisha I43.1. Mfumo kupokea sio kwamba umepatia, wenyewe unapokea namba yoyote iliyomo kwenye orodha yake.

Ila kabla ya namba kuna kitu kingine. Daktari kaweka mkato kati ya magonjwa mawili, na mkato hausemi kama hili ndo limeleta lile. Sisi wa masjala haturuhusiwi kuunganisha kwa kukisia hata kama jibu tunaliona wazi kabisa. Beba faili, mfuate, muulize kwa heshima "daktari, huu moyo umetokana na thairoidi?", akikubali aandike mwenyewe kwa mkono wake "kutokana na", aweke tarehe na asaini.

Hili linaniuma na niwaambie kwa nini. Hospitali moja niliyowahi kufanya kazi nilishika faili la mama mmoja, jalada limechakaa limeshonwa kwa uzi, kalazwa mara 4, na mara zote 4 ukurasa wa mbele umeandikwa moyo kushindwa kazi, I50, basi. Anapewa vidonge vya kukojoa maji, miguu inapungua kuvimba, anarudi nyumbani, baada ya muda huyo tena. Nyuma kabisa ya faili kuna karatasi imekunjwa mara 3, majibu ya damu ya thairoidi aliyopima mji mwingine, iko juu kweli kweli, na hakuna hata mmoja wetu aliyeihamishia mbele. Moyo unaochoshwa na thairoidi mara nyingi unapata nafuu kubwa thairoidi yenyewe ikitibiwa, wakati mwingine unarudi karibu na kawaida, sasa sisi tulikuwa tunaandika matokeo tu, chanzo kimelala nyuma ya faili.

Swali (tabibu, Urambo): Kwa hiyo kila moyo uliotanuka wenye sababu naandika I43?

Jibu: Hapana tabibu, hapa wengi wanateleza. Presha ya miaka mingi ikiharibu moyo ni I11.0 kama moyo umeshindwa kazi, I11.9 kama bado. Mishipa ya moyo iliyoziba ni I25.5. Pombe ni I42.6, dawa au sumu ni I42.7. Mama aliyejifungua juzi moyo ukatanuka, kama hakuna sababu nyingine, ni O90.3. I43 inabaki kwa yale magonjwa ambayo kitabu kimeyapa kisalaba. Na tafadhali kwenye pombe usimwonee mgonjwa aibu ukaandika I42.9, ile ya "haijaelezwa", wakati kakwambia mwenyewe anakunywa gongo kila siku, anayempokea huko mbele anahitaji kujua.

Swali (mwanafunzi, Tabora): ICD-11 ikija nyota zinaendelea?

Jibu: Haziendelei. ICD-11, toleo linalofuata ICD-10, ilianza kutumika rasmi kimataifa Januari 1, 2022, na humo namba zinaunganishwa kwa mkwaju /, kadiomayopathia iko BC43. Uhusiano wa chanzo na matokeo unabaki vile vile, kwa hiyo ukiielewa nyota leo hutapata shida.

Swali (nesi, Tabora): Kwenye cheti cha kifo watu wanaandika "moyo kusimama". Inatosha?

Jibu: Haitoshi dada, kila anayefariki moyo wake unasimama. Sehemu ya kwanza ya cheti ina mistari, mstari wa (a) ni kilichomuua moja kwa moja, unashuka hadi chanzo. Mfano (a) moyo kushindwa kazi, (b) kadiomayopathia, (c) thairoidi kuzidi. Ule wa chini ndo mara nyingi unaohesabiwa kwenye takwimu za vifo, ukiuacha wazi huyo mtu anaingia kwenye hesabu za moyo na ya thairoidi haionekani.

Swali (Ujiji): Karatasi ya zamani ya mama yangu ina I50.9, ya juzi ina I42.0. Wamembadilishia ugonjwa?

Jibu: Pole kwa kuuguliwa. Hawajambadilishia. I50.9 inasema moyo unashindwa kazi, haisemi kwa nini. I42.0 inasema msuli umelegea na vyumba vya moyo vimetanuka, inaelekea kapigwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ndo wakaona, kwa hiyo wamesogea hatua moja. Bado kuna swali la kuuliza, na una haki ya kuliuliza: "Daktari, msuli umelegea kwa sababu gani?" Mkienda kliniki bebeni karatasi ya eko, majibu yote ya damu hata ya zamani, na dawa anazokunywa kwenye pakiti zake, na muweke juu kabisa, msisubiri kuulizwa.