Likizo ya Mafia: maji kujaa na kupwa kwanza, hoteli baadaye

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi na mume wangu tunataka kwenda Mafia mwezi Desemba, siku nne. Tupangeje? – Mama Rehema, Temeke

JIBU: Marahaba, mama. Desemba mmechagua vema: ni msimu wa papa potwe (papa wakubwa sana wasiodhuru watu), wanaoonekana karibu na Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, kuanzia Oktoba hadi Machi. Tokeni asubuhi mapema, bahari ikiwa shwari. Ogeleeni ubavuni mwa papa, msimguse wala kumziba njia, maana akishtuka huzama.

Kwa ndege kutoka Dar ni kama nusu saa. Kwa boti mnapandia Nyamisati, bandari ya bara, na hapo wengi hukwama: boti hufuata maji kujaa na kupwa. Ulizeni saa ya kuondoka siku moja kabla, na msiweke safari ya kurudi siku ya mwisho ya likizo.

Magofu ya Kua, mji wa kale kisiwani Juani, yanataka siku nzima. Nendeni maji yakijaa. Yakipwa, mtatembea topeni kwenye mikoko. Vaeni viatu vya kufunga. Kisiwa cha Chole ni karibu na kijiji cha Utende. Jioni tazameni popo wakubwa wakitoka mitini. Utende kuna kiingilio cha Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa 1995: chukueni vitambulisho vya taifa, Mtanzania hulipa kidogo.